Kisu cha Ayeyo na Mdomo wa Fisi

Kazi ya kwanza niliyopewa utotoni ilikuwa kuwa fisi. Sitanii. Abti Bishar, yaani mjomba, mdogo wake mama yangu, alikuwa ameajiriwa kama askari wa hifadhi ya jamii kule kwetu, upande wa Masalani, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kufunga kamera za kutega porini. Ni visanduku vya rangi ya majani makavu vinavyojipiga picha vyenyewe kitu chenye joto kikipita mbele. Wakubwa wake walitaka kujua hirola, swala adimu wa kwetu, waliobaki wanatembea wapi. Sasa kamera ikishafungwa lazima ijaribiwe, na Abti alikuwa mrefu mno. Akipita mbele yake inampiga mapaja. Kwa hiyo alinichukua mimi. Nilishuka kwa magoti na viganja nikatambaa mbele ya kisanduku, naye kasimama pembeni akiniambia, "Polepole, Hodan. Fisi hana haraka." Taa ndogo nyekundu ikiwaka, tulijua imenipata.

Ndiyo maana kila kadi ya picha aliyoileta nyumbani ilianza na mimi: mtoto wa kike mwenye mtandio, anatembea kwa minne, matako juu, ulimi nje. Ulimi haukuwa sehemu ya kazi. Nilikuwa natia chumvi tu.

Ayeyo, yaani bibi, mama yake mama yangu, aliiona picha ya namna hiyo kwenye simu ya Abti akashika kifua. "Bishar! Umemgeuza mtoto kuwa mnyama, tena kwenye njia yao wenyewe?" Abti akacheka, akamweleza habari za joto na miale na betri kwa lugha ya mtu aliyetoka semina juzi. Ayeyo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: kama hicho kisanduku kinaona kila kipitacho, si kitawaona pia wanawake wakienda kuchota maji? Abti akajikuna kichwa. Siku hiyo hiyo ikawekwa sheria nyumbani kwetu kwamba picha za wanawake zifutwe kabla mwanamume mwingine hajazitazama, na wa kuzifuta ni Mama.

Ayeyo alikuwa mtu wa sheria. Sheria yake kubwa kuliko zote ilihusu kisu.

Kilikuwa kisu cha kukunja, mpini wake wa pembe, na alikifunga kwenye pindo la guo lake. Kwa kisu hicho alikata nyama, tikiti maji, kucha zangu na vitovu vya wana mbuzi. Lakini kilikuwa na kazi nyingine. Mnyama wa kufugwa akipotelea porini na giza likaingia, Ayeyo alikifungua, akakisomea Ayatul Kursi, akamtaja aliyepotea kwa jina na rangi, kisha akakikunja taratibu huku akisema kwamba mdomo wa fisi umefungwa. Basi. Kuanzia hapo, fisi akimkuta mnyama huyo hawezi kufungua taya mpaka kisu kifunguliwe. Watu walikuja hata kutoka maboma ya mbali kumwomba awafungie. Mwalimu wetu wa madrasa hakupenda mambo hayo; alisema aya inatosha, kisu cha nini? Lakini mbuzi wake walipopotea, alimtuma mkewe.

Sheria yenyewe ni hii: mnyama akirudi, kisu kifunguliwe papo hapo, kabla hata ya kumpa maji. "Fisi naye ni kiumbe," Ayeyo alikuwa akiniambia. "Riziki yake iko mdomoni mwake. Ukimfunga ukamsahau atakufa njaa, na Siku ya Kiyama atasimama mbele ya Mungu akuoneshe kwa kidole." Sikuwahi kuuliza fisi atapata wapi kidole. Nilichojua ni kwamba fisi huyo wa Kiyama alinitisha kuliko hawa waliokuwa wakilia nyuma ya boma letu.

Kamera zilikuja na mikanda yake ya nailoni, mipana, yenye bizimu imara. Ayeyo aliuona mmoja, akauvuta huku na huku, akaupenda. Punda wetu alikuwa akiangusha mitungi ya maji kila mara kwa sababu kamba za mkonge zilikuwa zimechakaa. "Huu ndio wa kufungia mitungi," akasema.

"Hooyo, mama, hiyo ni mali ya kazi," Abti akamwambia.

Ayeyo aliukunja mkanda akautia kwenye pindo la guo, pamoja na kisu. Hakuna mtoto kwetu anayemnyang'anya mama yake mkanda. Abti alikwenda akatafuta kipande cha seng'enge, waya kuukuu wenye kutu uliong'oka kwenye ua wa shule, na huo ndio aliofungia kamera ya njia ya bwawani. Nilikuwepo, maana nilikwenda kuwa fisi. Tulikuwa tumetoka kwenye karamu ya harusi na mikono yetu ilinuka mafuta ya kondoo. Aliuzungusha waya kwenye mgunga, akaukaza kwa kijiti, na mwisho wake akaacha kitanzi kirefu kikining'inia, cha kushika siku ya kufungua. Alikifunga kwa fundo letu la siku zote, lile la kumfungia ndama mguu wakati mama yake anakamwa. Likivutwa linakaza, na ndama akitulia linalegea. Hulegea kwa sababu ni la kamba. Waya haulegei, lakini mikono ya Abti ilikuwa imezoea fundo hilo na haikuuliza.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja aliyebaki baada ya ukame, jike jeupe, na kwa weupe huo aliitwa Adey. Alikuwa na mimba. Nyumba nzima ilikuwa ikimhesabia, hasa kwa ajili ya Ayeyo, aliyekuwa hana meno tena na ambaye maziwa ndiyo yalikuwa chakula chake. Maziwa ya mbuzi yalimchafua tumbo, na ya pakiti alisema yana ladha ya karatasi. Kwa miezi alikuwa akiishi kwa uji mwepesi na kungoja.

Basi siku Adey alipoona wakati wake umefika, akajitenga, kama ng'ombe wanavyofanya, na jioni hakurudi. Abti na majirani wakaingia porini na tochi. Walirudi mikono mitupu. Ayeyo alikuwa amemaliza kuswali Magharibi. Alibaki palepale juu ya mkeka, akakifungua kisu, akakisomea, akataja, "Adey, mweupe, mwenye pembe moja iliyoinama, na kilicho tumboni mwake," kisha akakikunja. Nilisikia kikifunga, tak. Nikalala nikiwa na imani kamili.

Asubuhi tulimkuta karibu na bwawa, si mbali na mgunga wa kamera. Alikuwa amesimama, na chini yake amesimama ndama dume, bado ana umande mgongoni, ananyonya. Mama alitoa kigelegele. Abti aliinama. Alikuwa anatazama chini.

Ardhi yote kuwazunguka ilikuwa nyayo za fisi. Amezunguka, amerudi, amezunguka tena. Palionekana hata pale alipoketi. Na kondo la nyuma la Adey lilikuwa limelala mchangani, zima, na nzi juu yake. Sijui kama mtu asiyekulia na mifugo ataelewa jambo hilo lilitushtua kiasi gani. Fisi atafuata harufu ya kondo la nyuma usiku kucha. Hata akimwogopa ng'ombe mwenye pembe, hicho kinyama laini hawezi kukiacha. Huyu alikuwa amekikalia karibu, akakitazama, akakiacha. Watu wazima walikuwa wakikodoleana macho.

Ayeyo alikitoa kisu palepale, mbele ya wote, akasema bismillahi, akakifungua. Ndama tukamwita Nabad, yaani salama.

Jioni hiyo Ayeyo alikunywa maziwa mazito ya kwanza, akayafuta mdomoni kwa kiganja, akacheka peke yake. Nikimkumbuka kwa furaha ninamkumbuka hapo.

Siku kadhaa baadaye Abti alizungukia kamera zake akaleta kadi, na kompyuta ya ofisini. Aliiweka juu ya sanduku nje ya nyumba, kivulini, na majirani wakaja, maana picha za porini zilikuwa sinema yetu. Ya kwanza nilikuwa mimi, ulimi nje. Watu wakacheka. Wakafuata dikidiki, kanga, kisha shangazi fulani na punda wake, na Mama akainama akafuta. Halafu fisi. Ilikuwa picha ya rangi, jua la mwisho la jioni, anapita kwenda kunywa maji na mdomo wazi, ulimi unaning'inia. Unaweza kuona meno mpaka ya nyuma. "Ni jioni ile Adey alipopotea," Abti akasema, akionesha tarehe.

Baada ya hapo giza, picha nyeusi na nyeupe. Pua kubwa imejaa kioo chote. Manyoya. Manyoya tena. Kisha picha zikaanza kuonekana zimelala upande, miti yote imeinama kana kwamba dunia imepinduka. "Nyani wameigusa," Abti akasema. Akabonyeza. Adey amelala chini, anajikamua, na miguu miwili ya Nabad imetokeza nje. Tukaguna sote kwa huruma. Nyuma yake, karibu kabisa, fisi ameketi.

Abti akaikuza picha.

Mdomo wa fisi ulikuwa umefungwa. Waya umezunguka taya la juu na la chini, umezama kwenye ngozi, na ncha yake inaning'inia kidevuni.

Mama alipiga ukelele mmoja mfupi akajiziba mdomo. Mwanamke aliyeketi karibu na Ayeyo alijisogeza mkekani, taratibu, mpaka pakawa na nafasi kati yao. Mtu akaanza kusoma Fatiha. Hakuna aliyetazama kompyuta tena. Wote walikuwa wakimtazama Ayeyo. Mchana kweupe, kwenye kioo cha serikali, tulikuwa tumeona fisi huyo huyo mdomo wazi kabla ya Magharibi, na mdomo umefungwa baada ya Magharibi, na katikati ya picha hizo mbili kila mtu alijua nini kilitokea juu ya mkeka wa kuswalia. Nilijificha nyuma ya Mama. Nilimwogopa bibi yangu, mwanamke aliyenikata kucha.

Lakini hakuna aliyeshtuka kama yeye mwenyewe. Maisha yake yote alikifunga kisu kwa imani, ila hakuwa amewahi kutazamia kuona. "Endelea," akamwambia Abti.

Abti akaendelea, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Usiku uliofuata, fisi yuko majini, anachovya pua, waya uko palepale. Usiku mwingine, waya uko. Mwingine, mbavu zimeanza kuhesabika, na waya uko.

"Lakini nilifungua," Ayeyo akasema. Alitugeukia mmoja mmoja. "Si mlinishuhudia? Si nilifungua?"

"Ulifungua, Hooyo," Mama akamjibu. "Wallahi ulifungua."

Akakitoa kisu. Alikifungua, akakikunja, akakifungua tena akisoma, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli lililokataa. Mwishowe alikiacha wazi, akakichomeka kwenye mikeka ya paa la nyumba, na tangu siku hiyo hakukikunja tena maishani mwake. Jioni Mama alimletea maziwa. Akayasukuma. "Sinywi maziwa ya huyu," akasema, "na kiumbe mwenzake amefungwa mdomo kwa ajili yake."

Tulidhani ni hasira ya siku moja. Haikuwa. Maziwa yaliletwa yakarudi. Uji alikunywa vijiko viwili vitatu kisha akageuza uso. Mashavu yakaingia ndani. Mama alimbembeleza, akalia, akamtishia kumpeleka hospitali Garissa wamtie dripu. "Nipelekeni," Ayeyo akasema, "lakini nikifa kabla yake, mjue nimekwenda kujibu nini." Mimi, niliyekuwa nikilala ubavuni mwake, nilikuwa nikiamka na kumgusa kifua kuhakikisha kinapanda. Kwangu mimi habari ilikuwa rahisi kabisa: fisi asipokula, Ayeyo atakufa.

Abti alipiga simu kwa wakubwa wake, nao wakampata daktari wa wanyamapori, ila gari lake lilikuwa mbali na njia zilikuwa matope. Tungoje. Katika kungoja huko Abti aliniambia twende tukainyooshe ile kamera iliyoinama, walau tujue kama fisi bado anakuja kunywa. Alipomaliza kuiweka sawa nikashuka kwa minne kama kawaida yangu, safari hii ulimi ndani. Nikatambaa hadi mgunga. Na kwa kuwa uso wangu ulikuwa usawa wa uso wa fisi, nikaona kitu ambacho Abti, kwa urefu wake, hakukiona. Mwisho wa waya ulikuwa umekatika. Pale ulipokatika palikuwa na manyoya.

"Abti," nikasema, "kile kitanzi kiko wapi?"

Alikuja akachuchumaa. Akaushika ule mwisho, akatazama manyoya, akanusa viganja vyake kana kwamba mafuta ya harusi yalikuwa bado yapo. Kisha akaketi chini mavumbini, mtu mzima na sare yake, akashika kichwa. Halafu akaruka juu, uso umemwangaza, akanishika mkono tukarudi nyumbani nusu mbio. Nilimwelewa. Lilikuwa kosa baya, lakini lilikuwa lake, na kwa kosa hilo angemwokoa mama yake.

"Hooyo, kunywa maziwa!" alianza kusema kabla hatujafika mlangoni. "Si kisu. Kisu hakina habari. Ni waya wangu mimi. Fisi alikuja kuitafuna kamera kwa harufu ya mafuta, akaingiza pua kwenye kitanzi, akavuta, kikakaza, kikakatika. Ndiyo maana kamera iliinama. Ni mimi, Hooyo. Wewe huna dhambi."

Ayeyo alikuwa amelala ubavu. Alijiinua kwa kiwiko. Nilimwona akilifikiria neno moja moja, na nikaona jinsi lilivyomwingia. Hakuwa mtu wa kubishana na jambo lililo wazi.

"Kwa nini ulifunga kwa waya?" akauliza.

Abti aligeuza macho mlangoni. Nje uani punda alikuwa amesimama na mitungi yake, imetulia mgongoni, haitikisiki, imebanwa na mkanda mpana wa nailoni wenye bizimu.

Ayeyo aliutazama mkanda huo kupitia mlangoni. "Basi ni mimi mara mbili," akasema, akalala tena.

Daktari alifika hatimaye, mtu wa bara, mpole, aliyeitwa Mutua. Abti alikuwa amekwisha kumweleza kila kitu. Daktari alijificha karibu na bwawa alasiri na bunduki yake ya sindano, na jua lilipoanza kushuka fisi akaja, akitembea kama mlevi. Sindano ikampata pajani. Alipolala, Abti alikuja kutuita, na Ayeyo, aliyekuwa hana nguvu ya kwenda hata chooni peke yake, akasema lazima afike. Tulimpandisha juu ya punda.

Sikuwahi kumwona fisi karibu hivyo. Picha zilinishtua, mwili wake ulinishtua zaidi. Alinuka kidonda. Taya zilikuwa zimevimba, na waya hauonekani tena mahali pengine isipokuwa kama mfereji kwenye nyama. Ayeyo alishushwa, akachuchumaa mbali kidogo. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini siku hiyo alikitumia chote.

"Daktari, yeye nakufa?"

"Hapana, mama. Amelala tu."

"Fungua bole bole. Yeye nasikia uchungu hata kama nalala."

Daktari akakata waya kwa koleo, akauchomoa, akasafisha, akamdunga dawa. Alipomgeuza upande wa pili akabonyeza tumbo kidogo. Tone la maziwa likatoka. "Ni jike," akasema. "Ako na watoto mahali."

Ayeyo alijifunika uso kwa guo lake. Baadaye daktari, akidhani kazi imekwisha, alimwinamia akacheka kwa upole. "Haya mama, sasa utakunywa maziwa?"

"Bado," Ayeyo akamjibu. "Kufungua si kula. Yeye nakula, mimi nakunywa."

Tuliporudi nyumbani alimkaribia punda mwenyewe, akahangaika na bizimu kwa vidole vyake, akaufungua mkanda, akampa Abti bila kumtazama. Mitungi ikarudi kwenye kamba za mkonge. Kesho yake Abti akaifungia kamera kwa mkanda huo, akaisogeza kwenye njia inayopita nyuma ya boma letu, ili Ayeyo aoneshwe mapema fisi akipita na kitu mdomoni. Tulikuwa tukitarajia kanga. Tulikuwa tukitarajia mzoga wa swala. Mama aliswali rakaa za ziada kumwombea fisi riziki. Nadhani ni yeye peke yake aliyewahi kufanya hivyo katika wilaya nzima.

Riziki ikaja. Jioni moja, wakati mbuzi wanaingizwa na kila mtu ana shughuli, Nabad alipenya kwenye tundu la ua wa miiba akatoka nje kucheza. Tulimsikia Adey kwanza. Mlio ule siwezi kuuandika. Tukatoka mbio na fimbo na mayowe, na tulichokuta nyuma ya boma ni damu, na mburuzo unaoingia kichakani.

Asubuhi Abti alileta kadi. Hakuita majirani. Alimwonesha Ayeyo peke yake, na mimi nilikuwa mapajani mwa Mama nikichungulia. Picha ilikuwa wazi kuliko zote, imenyooka, haikuinama hata kidogo. Fisi yule, pete ya ngozi tupu imezunguka pua yake pale waya ulipokuwa, na taya zake zimefunguka kabisa, zimebeba mguu mweupe wa Nabad.

Nilijua Ayeyo atalaani. Nilikuwa nikiingojea laana hiyo, niliitaka. Alisogeza uso karibu na kioo.

"Amekula," akasema. Kisha, "Nileteeni maziwa."

Mama akamwambia, "Hooyo, Adey hakubali kukamwa. Yapo ya jana tu."

"Hayo hayo."

Akapewa. Akayanywa polepole mpaka mwisho, kibuyu kikisimama mdomoni, na machozi yakimshuka mashavuni mpaka shingoni. Nilichukia. Nilijitoa kwa Mama nikamsimamia mbele. "Ayeyo, huyo ni Nabad!"

"Najua ni Nabad."

"Umemfungua yeye, akamla Nabad!"

Alikiweka kibuyu chini, akanivuta, akanipangusa pua kwa pindo la guo lake ambalo sasa lilikuwa halina kisu wala mkanda. "Hodan," akasema, "nilimfungua ili afanye nini?"

Alipata nguvu, akaishi miaka mingine, akafa kwa uzee wake kitandani. Watu waliendelea kuja kumwomba awafungie fisi mdomo. Aliwasomea aya, akawaambia waende wakatafute kwa tochi.

Leo mimi ndiye ninayefunga kamera hizo, kwa mshahara, kwenye pori lile lile. Wageni wanaokuja na madaftari yao hupenda kuuliza kama jamii ina imani zozote kuhusu fisi. Huwasimulia habari ya waya, kama funzo la kazi, na wanatikisa vichwa. Sina haja ya kuwaambia habari ya kisu. Si kwamba naona haya. Ni kwamba nimezigeuza habari hizo mbili kichwani tangu utotoni, ya kisu na ya waya, na kila nikifika mwisho wake naukuta mkono wa mwanamke yule yule, naye hakutafuta mlango wa kutokea katika yoyote. Kilichonishtua nikiwa mtoto ni mdomo uliofungwa. Kinachonishtua sasa ni kwamba mwanamke asiye na jino hata moja, mwenye njaa, aliona deni lake halijalipwa kwa fisi kufunguliwa tu. Alingoja mpaka fisi ale. Na alipokula kilichokuwa chetu, Ayeyo hakubadilisha neno lake.

Vijana ninaofanya nao kazi hunicheka. Kamera ikishafungwa, mmoja wao yuko tayari kupita mbele yake na kuijaribu, lakini mimi huwaambia wasimame pembeni. Nashuka kwa magoti na viganja, na umri huu, na mtandio wangu, nikatambaa polepole mpaka kwenye mti. Wanadhani naangalia taa nyekundu. Mimi natazama kama kuna kitu kinachoning'inia.